Bi Maji na Tangazo Lenye Sahihi

Idara yetu ya picha za moyo ina mashine iliyojaza nusu ya chumba, viyoyozi viwili, na daktari mmoja anayeamini kwamba vyote hivyo vililetwa kwa ajili yake. Jina lake liko mlangoni kwa herufi za shaba, lakini sisi humwita Bwana Picha, naye anadhani tunamheshimu. Mimi ni karani wa idara. Kazi yangu ni kufungua mafaili, kuchapa barua na kuzungusha karatasi zipate sahihi. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na moja, na mtu asiyehesabiwa huona mengi.

Lakini ninayetaka kumsimulia si yeye. Yeye hujisimulia mwenyewe kila asubuhi kuanzia saa tatu. Ninayemtaka ni muuguzi wetu, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, mwenye viatu vyeupe vya mpira na penseli iliyochomekwa kwenye nywele, ambaye mchana kutwa hupita kati ya vitanda na jagi la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Wagonjwa walimwita Bi Maji kwa kumkejeli, wenzake wakalidaka jina, na sasa hata dada yake anayeishi naye hulitumia. Dada huyo aliwahi kunilalamikia kwamba nyumbani nako hakuna kupumua. Mezani kila mtu ana glasi yake, na mjomba wao mwenye sukari hathubutu kumeza kidonge cha mgongo bila kuulizwa amekitoa wapi.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka tisa ghorofa ya chini, kwenye kitengo cha kusafisha damu, ambako watu ambao figo zao zimekufa hulala wameunganishwa na mashine saa nne nzima, mara tatu kwa wiki. Alikuwa na kawaida ya kumuuliza kila mgonjwa mpya ametokea wapi. Wengi walitaja sukari, wengine presha. Lakini kila baada ya miezi kadhaa alikuwepo mmoja aliyenyoosha kidole juu na kusema ametoka kwenye picha za moyo. Mwishowe Bi Maji akaomba uhamisho. Aliniambia amechoka kuwapokea, afadhali aje kuwazuia mlangoni.

Jambo lenyewe si gumu, hata mimi niliyefeli kemia nimelielewa. Mishipa ya moyo haionekani vizuri kwenye eksirei mpaka iingizwe dawa ya picha. Dawa hiyo ikimaliza kazi yake moyoni, hutolewa na figo. Mwenye figo nzima na mwili wenye maji huikojoa akaisahau. Lakini mtu mzima mwenye sukari, mwenye figo zilizokwisha kuchoka, akiingizwa dawa nyingi hali yeye mkavu tangu jana, figo zinaelemewa, na wakati mwingine haziinuki tena. Kwa hiyo Bi Maji alitaka vitu vitatu tu: mtu apimwe figo kabla, asiingie akiwa mkavu, na dawa isizidi kiasi anachoweza kuhimili. Ungedhani ameomba mwezi ushushwe.

Kilichomkwamisha kilikuwa tangazo. Juu ya kila kitanda chetu ilining'inia karatasi iliyovishwa plastiki ngumu: MGONJWA ASILE WALA ASINYWE CHOCHOTE BAADA YA CHAKULA CHA JIONI. Chini yake sahihi ya Bwana Picha, yenye mkia mrefu. Kila Bi Maji alipokutwa na jagi aliambiwa asome tangazo. Alipouliza sababu aliambiwa ni utaratibu. Alipouliza utaratibu umetoka wapi aliambiwa asiwe mjuaji. Madaktari watu wazima, wenye vyeti vya kujaza kuta, walikuwa wanaogopa karatasi.

Na orodha yetu ya siku ilikuwa na utaratibu wake pia. Wenye kujuana na mtu waliingia asubuhi. Waliobaki walisubiri hadi saa nane, saa tisa, midomo imewapasuka, hawajagusa hata tone tangu jana jioni. Mmoja wao alikuwa mama mwenye duka la vitabu, mwanamke mcheshi aliyenichagulia kamusi mara mbili bila kunicheka. Alikuja kwa miguu yake mwaka mmoja kabla ya Bi Maji kuhamia kwetu. Figo zake zilikuwa dhaifu, hakuna aliyeangalia karatasi ya vipimo, akakaushwa mpaka saa tisa, kisha akapigwa picha nyingi kwa sababu moyo wake ulikuwa na mshipa wa ajabu na Bwana Picha alitaka kuuonyesha mkutanoni. Wiki ya pili akavimba miguu. Kwenye faili Bwana Picha aliandika kwamba picha zilifanikiwa. Mama yule tangu hapo hupita mbele ya dirisha langu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akielekea ghorofa ya chini.

Sasa nimfikie fundi. Alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na nne, mwembamba, mwenye sukari, ambaye kifua kilimbana hata akitoka kitandani kwenda msalani. Aliletwa na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa kando ya kitanda akisahihisha madaftari. Picha ya moyo ilikuwa lazima, hilo hakuna aliyelibishia. Lakini kipimo cha damu kilionyesha kwamba figo zake zinafanya kazi kama theluthi moja tu ya kazi inayotakiwa. Bi Maji alikisoma akiwa amesimama mezani kwangu, akakisoma tena, akachomoa penseli kichwani na kuandika sitini kwenye kiganja chake. Hizo ndizo mililita za dawa ambazo mtu yule angeweza kuzihimili. Zaidi ya hapo, alisema, tutakuwa tunamtumia wenzetu wa chini mgonjwa mwingine.

Akaanza na mifuko ya koti lake. Fundi alikuwa amejishonea mfuko wa siri ndani ya bitana, na humo mlikuwa na vidonge vya maumivu ya magoti, vile vinavyouzwa dukani kama peremende, ambavyo kwa figo dhaifu ni balaa. Bi Maji alivinyang'anya vyote. Fundi alinung'unika kwamba amepona mikono ya wezi mjini kuja kuibiwa hospitali. Akamsimamishia pia kidonge kimoja cha sukari kwa siku chache, kwa ruhusa ya daktari wa zamu, mama mmoja mwenye haraka ambaye alikuwa na tabia ngeni kabisa kwetu: anasoma karatasi kabla ya kusaini. Alipoiona ile namba ya figo alitoa macho, akaandika dripu papo hapo.

Kwa Bwana Picha mambo yalikuwa mengine. Kesho yake alikuwa anapokea wageni saba, madaktari wenzake waliokuja kuangalia mashine, na fundi ndiye aliyechaguliwa kufungia maonyesho, saa tisa mchana, kwa kuwa mishipa yake, eti, inapendeza. Bi Maji aliingia ofisini kwake kuomba mzee aingizwe wa kwanza. Alitoka baada ya dakika mbili. Alikuwa ameambiwa kwamba maonyesho hayapangwi na wauguzi.

Basi asubuhi ile alifanya alivyoona inafaa. Dripu ilianza mapema, polepole, kwa sababu moyo dhaifu ukimwagiwa maji kwa pupa nao hufurika. Kila saa alimwinamia fundi kusikiliza mapafu yake. Alimpa maji ya kunywa nusu kikombe nusu kikombe, na kila mzee alipokojoa, mkojo ulipimwa na kuandikwa. Fundi alimuuliza kama anakusudia kuuuza. Saa tano Bwana Picha akapita na wageni wake nyuma, koti limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akakuta kikombe mkononi mwa mgonjwa, chini kabisa ya tangazo.

"Sista," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho, "hapa tumeajiri watu wasiojua kusoma?"

Bi Maji alijibu kwamba amelisoma tangazo, na amesoma na kipimo cha figo, na kwamba mgonjwa atanywa mpaka saa saba. Bwana Picha akawageukia wageni na kicheko cha kujikosha, akawaambia kila idara ina kichaa wake. Wageni wakacheka kidogo, kama watu waliokaribishwa chai. Hapo nilipaswa kusema neno. Nilikuwa na neno la kusema, tena zito, na nitalieleza. Niliinamia kompyuta.

Saa tisa fundi alilazwa kwenye meza ya mashine, macho wazi, mkono wa kulia umefungwa kwenye kibao. Wageni walijipanga ukutani wamevaa maaproni mazito ya kuzuia mionzi. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, nikiwasikia kupitia spika, kazi yangu kuandika saa na kiasi cha dawa. Bi Maji alisimama kwenye meza ya dawa. Alikuwa amepima mililita sitini, kilichobaki amekifungia kabatini. Bwana Picha alipenyeza mrija wake mwembamba kupitia kifundo cha mkono hadi moyoni, na sitamnyima haki yake, mikono anayo. Kila alipoingiza dawa, Bi Maji alitaja hesabu. Kumi na mbili. Ishirini na tano. Thelathini na saba. Mshipa mmoja ulionekana umebana vibaya, na kwenye skrini hata mimi niliuona. Kilichokuwa kimewaleta fundi na moyo wake kwetu kilikuwa kimepatikana. Kuzibua kungefanywa siku nyingine, figo zikishapumzika.

Lakini mtu mwenye wageni saba hamalizi namna hiyo. Bwana Picha akatangaza kwamba sasa atawaonyesha chumba kikubwa cha moyo kikipiga, picha ya kupendeza sana, dawa nyingi kwa mpigo mmoja.

"Arobaini na nane, Daktari," Bi Maji alisema. "Zimebaki kumi na mbili."

"Leta chupa nyingine."

"Iko kabatini."

"Si uilete?"

"Kabati nimelifunga." Alikuwa ameshika mikono yake mbele, kwa utulivu. "Mwisho wa mzee huyu ni sitini. Picha ya chumba cha moyo anayo, ya ultrasaundi, ukurasa wa tatu wa faili. Hii unayotaka si yake, ni ya wageni."

Bwana Picha alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Bi Maji hakusogea. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitambaa alichovaa kiunoni, kila mtu aliuona, na hakuna aliyethubutu kuufuata huko. Wageni walitazama sakafu. Mmoja aligonga kioo akaniomba kalamu ambayo hakuihitaji. Fundi, ambaye alikuwa akisikia yote, alinyanyua kichwa kidogo.

"Daktari," aliuliza, "kama duka limefungwa, mimi si niende zangu?"

Jioni hiyo hiyo nilichapa barua ya onyo. Bwana Picha aliitamka akitembea huku na huko: ukaidi mbele ya wageni, kuficha mali ya idara, kumnywesha mgonjwa maji kinyume cha tangazo. Alitaka neno nidhamu lirudiwe mara tatu. Akanieleza mpango wake waziwazi. Siku ya tatu fundi angepimwa figo tena. Zikiwa zimeharibika, ataandika kwamba ni mafuriko ya maji ya yule mwanamke, na atamrudisha alikotoka. Barua ingesubiri majibu hayo ili iongezwe uzito. Niliitikia, ndiyo Daktari, ndiyo Daktari. Nina ujuzi mkubwa wa kuitikia.

Siku tatu zile Bi Maji hakula vizuri. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, akienda moja kwa moja kwa fundi kumtazama miguu, kubonyeza vifundo, kusoma kiasi cha mkojo wa usiku. Aliniambia kinagaubaga kwamba anaogopa. Kufuata kila kitu hakumaanishi kwamba figo zitakubali. Amewahi kuwaona waliofanyiwa yote na bado wakashuka chini. Kama mzee huyu angeshuka, alisema, hangejua tena amwambie nini mtu yeyote.

Majibu yalikuja saa nne asubuhi, siku ya tatu. Niliyapokea mimi. Kabla ya picha, namba ya taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa kwenye damu ilikuwa mia moja tisini, na ikipanda maana yake figo zinashuka. Sasa ilikuwa mia moja themanini na sita. Nilitembea mpaka wodini, jambo ambalo silifanyi, nikamwekea karatasi mkononi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaenda chooni na kukaa huko, na aliporudi uso ulikuwa umenawishwa.

Bwana Picha alipita nusu saa baadaye. Alisoma karatasi, akaigonga kwa kidole.

"Mnaona?" alituambia sote. "Kelele zote zile. Figo za huyu mzee hazikuwa na tatizo lolote."

Binti wa fundi akasimama, akamshika Bwana Picha mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumtunza baba. Bwana Picha alikubali shukrani hizo kama mtu anayepokea koti lake. Fundi naye, alipoulizwa kama ana lalamiko, alisema hana, ila huyu mama wa jagi amemchosha kwa kumkojoza, na vidonge vyake vya magoti hajarudishiwa. Bi Maji alikuwa anamtoa sindano ya mkononi wakati huo. Alimbandikia pamba akamwambia, "Baba, ukivinunua tena vile vidonge nitakuja dukani kwako kuvifuata," na kwa sauti ile fundi aliamini.

Mimi nilirudi kwenye kiti changu nikashindwa kukaa. Nikamfuata kwenye chumba cha kufulia vyombo, akiwa anasuuza jagi, nikamwambia lile neno. Tangazo lile hakuliandika Bwana Picha. Nililiandika mimi. Miaka kumi na moja iliyopita, wiki idara ilipofunguliwa, niliambiwa nitafute tangazo la kufunga kabla ya kipimo. Niliona uvivu kuuliza. Nikaenda wodi ya upasuaji, ambako mtu hulazwa usingizi mzito na hutakiwa tumbo tupu, nikanakili tangazo lao neno kwa neno, nikabadilisha kichwa cha habari tu. Wagonjwa wetu hawalali usingizi, wanapiga soga na daktari. Bwana Picha alisaini bila kusoma. Tangu siku hiyo kila mtu akawa anakausha watu kwa amri ya uvivu wangu, na kila nilipoona Bi Maji anafokewa chini ya karatasi yangu nilinyamaza, kwa kuogopa kuulizwa.

Aliniuliza jambo moja tu. "Na yule mama wa vitabu?"

Nilisema alikuwa chini ya tangazo hilohilo, tangu jioni mpaka saa tisa ya siku ya pili.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwa aproni, akaniambia twende kwenye kompyuta. Alisimama nyuma ya kiti akanitamkia, nami nikachapa. Kila mgonjwa apimwe figo kabla ya kupangiwa siku. Maji ya kunywa yaruhusiwe hadi saa mbili kabla ya kipimo, isipokuwa kwa yule aliyezuiwa maji na daktari wake. Vidonge vya maumivu viulizwe na visimamishwe. Mwenye figo dhaifu aingie wa kwanza na apewe dripu kwa kiasi cha moyo wake. Mwisho wa dawa yake uandikwe ubaoni kabla ya kuanza, na usizidishwe. Apimwe tena siku ya tatu. Pale pa kuingia wa kwanza alitaka niongeze, hata kama hajuani na mtu. Nikamshauri tuliache hilo, lisomwe moyoni.

Mchana nilimpelekea Bwana Picha karatasi zake: ombi la glavu, likizo mbili, barua ya onyo, na chini ya barua ya onyo, tangazo. Alikuwa kwenye simu akimsimulia mtu jinsi wageni walivyostaajabu. Alisaini glavu, akasaini likizo. Kwenye barua ya onyo alisimama kidogo, akahakikisha cheo chake kimeandikwa chote, akasaini. Kisha akafunua ukurasa uliofuata na kuusaini kwa mkia uleule mrefu, bado anaongea.

Wiki hiyohiyo matangazo mapya yalivishwa plastiki na kupanda juu ya vitanda vyote. Bwana Picha aliyagundua baada ya siku nne, mgeni mmoja alipoyasifu. Akasema ni utaratibu wake, amekuwa akiupigania miaka mingi. Bi Maji alikuwa amepiga magoti hapohapo, anapima mkojo. Barua yake ya onyo niliifungia mwenyewe kwenye faili, kwa sababu yeye alikataa niipoteze. Alisema anataka ikae humo ili ajue ilimgharimu nini.

Ijumaa yule mama wa duka la vitabu akapita dirishani kwangu kama kawaida, na kikapu chake chenye kitabu cha kusoma saa nne za mashine. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Alisimama. Ni mtu wa kusoma, hawezi kupita maandishi. Alilisoma tangazo la kitanda cha kwanza kuanzia juu hadi kwenye sahihi, polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole hili limewekwa lini.

Nilimwambia, wiki hii.

Akatikisa kichwa kukubali, akahamishia kikapu mkono wa pili, akashuka ngazi.